Njiti Mbili na Ukucha

Mlango ulirudi Jumatano asubuhi, umelala chali kwenye kirikuu, mvua inaupiga usoni. Ulikuwa umepasuliwa kwa shoka katikati, tundu la kumtosha mtu mwembamba kupita, na ulimi wa kitasa ulikuwa bado umetoka nje, kama vile mlango wenyewe ulikufa ukibisha. Dereva alizima gari mbele ya duka la Mzee Matar, pale Temeke. Bi Khulud, mteja wetu wa Kawe, alishuka upande wa pili bila hata kufungua mwavuli.

"Nimewarudishia mlango wenu," alisema. "Mama yangu alikuwa nyuma yake."

Kondo, fundi mwenzangu, akazima mashine ya msumeno. Marietha akatoka nyuma ya rundo la mbao, kaunta buku lake kwapani kama kawaida, uso umemshuka. Na mie, patasi mkononi, nilisikia kitu moyoni. Sitadanganya, nilidanganya vya kutosha mwaka ule. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa furaha. Hofu ilikuja baadaye, inahema, kama mgeni aliyepotea njia.

Jina langu Albano. Wakati huo nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minne katika karakana ile, na kama ungeniuliza mie ni nani, ningekujibu bila aibu: mie ndiye karakana. Mzee Matar alikuwa na duka la mbele, alilolirithi kwa babake, naye babake kwa babake: misumari, vitasa, bawaba, gundi. Nyuma ya duka, chini ya mabati, tulitengeneza milango. Na mlango, bwana, usiuone umesimama kimya ukadhani hauna tabia. Ubao unakunywa. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa. Ukiubana sana kwenye fremu, mvua ikija haufunguki. Ukiulegeza sana, jua likiwaka unapitisha upepo, panya na macho ya majirani.

Siri iko kwenye nafasi unayouachia pembeni, na nafasi hiyo si moja kwa Dar es Salaam nzima. Madale, kule vilimani, njiti moja ya kiberiti inatosha. Temeke, njiti moja na nusu. Kawe, nyumba inayotazama bahari, njiti mbili na ukucha. Kisha unaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, unausikiliza kama daktari, unaongeza au unapunguza. Hayo hayakuandikwa popote. "Yako humu," nilikuwaga nawaambia wateja, najigonga kichwani, nao wanacheka, nami nacheka, lakini sikuwa natania.

Niliyapata kwa fundi Elinaza, mkuu wa karakana ile kabla yangu. Elinaza hakufundisha, alikubali tu kuibiwa. Miaka mitatu nilimbebea mbao, nikala makofi yake, nikaiba kwa macho kipimo kimoja leo, kingine mwezi ujao. Kitu kimoja kilinishinda kuiba: vanishi yake nyekundu, aliyoichanganya mwenyewe akiwa ametupa mgongo. Alipofariki, wateja waliendelea kuja kuiulizia kwa mwaka mzima. Halafu wakaacha kuuliza. Halafu wakaacha kuja. Somo lilikuwa pale, limeanikwa kama ngozi ya ngoma juani. Mie nikasoma somo jingine: kwamba fundi wa kweli ni yule ambaye akiondoka, pengo lake linaonekana.

Basi nikaanza kulilea pengo langu ningali hai. Nikiugua, karakana inaugua. Malaria ya siku tano, Mzee Matar anapiga simu mara kumi: "Ewe Albano, wallahi wateja wananitafuna! Mbagala tunaacha kiasi gani?" Nami nipo kitandani, homa inanitikisa, najisikia waziri.

Ndipo akaja Marietha.

Binti wa Mbinga, miaka ishirini na sita, katoka chuo cha ufundi, mikono midogo na maswali makubwa. Siku ya kwanza alinikuta nachomeka njiti kati ya mlango na fremu. Akaniomba hiyo njiti. Nikadhani anataka kuchokonoa meno. Akaibana kwenye kifaa chake cha kupimia unene, akasoma, akakunja uso.

"Milimita mbili na kidogo. Lakini kaka, njiti za viberiti hazilingani. Wewe ulijifunza na kiberiti kipi?"

Kondo alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilijifunza na kiberiti kipi.

Wiki ile ile akanunua kaunta buku, la kurasa nyingi, jalada gumu. Kila mtaa akaupa kurasa zake: mti gani, mwezi gani, nafasi kiasi gani. Jumapili akitoka kanisani anapita kwa wateja wa zamani, anawauliza milango yao ilivyovuka mvua. Hebu niambie, nani aliwahi kusikia fundi anakwenda kuujulia hali mlango? Na alikuwa na sheria moja, aliyoishikilia kama amri ya Mungu: hakuna kufuta. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja juu ya kosa, unaandika sahihi pembeni. "Ukifuta," alisema, "anayekuja nyuma yako atakosea palepale."

Mie nilimtania, maana utani ndio silaha pekee niliyoletwa nayo duniani.

"Karani wa benki! Leo umeandika mbu wangapi?"

"Wawili, kaka Albano. Mmoja, chanzo ni wewe."

Watu wanacheka, nami nacheka. Lakini kaunta buku lile sikuligusa hata mara moja. Lilikaa juu ya benchi langu mchana kutwa, nami nikalikwepa kwa macho, kama mtu anavyokwepa picha ya harusi ya mchumba wake wa zamani. Akiniuliza kipimo, nampa, huku natazama pengine. Nilimpa Mbagala, nikampa Madale, nikampa Tegeta. Nilimpa kwa sababu Mzee Matar alisema nimpe, na kwa sababu nilidhani kipimo bila kichwa changu ni kama funguo bila nyumba.

Mwezi wa saba niliugua tena. Siku tano. Simu haikulia. Siku ya tatu niliomba ya jirani nikaipigia yangu, nione kama ni nzima. Ikalia vizuri sana.

Niliporudi, nimekonda, niliambiwa milango sita ya Mbagala imeshafungwa kwa mteja, naye amemwagiza ndugu yake kwetu. Mlango mmoja wa akiba ulikuwa umebaki ndani ya fremu yake. Nikatoa njiti, nikauchokonoa pembe zote nne, nikitafuta kosa kama mtu anayetafuta nywele kwenye wali wa mke mwenza. Njiti iliingia kama imezaliwa mle. Nikaivunja.

Wivu wangu haukuwa wa kelele. Ulikuwa mchwa. Nje rangi inang'aa, mzaha mmoja baada ya mwingine, na ndani, ukiweka sikio, tik, tik, tik.

Mchwa walifika kwenye moyo wa ubao siku moja ya Ijumaa, mwezi wa nane. Mteja wa Madale alikuwa dukani, anataka kujua mlango wake utaachiwa nafasi gani. Mzee Matar akageuka kuelekea karakana, akavuta pumzi ya kuita, nami nikaweka randa chini, nikajifuta mikono. Tangu Elinaza afariki, sentensi ilikuwa moja: "Albano, kipimo?"

"Marietha," akaita Mzee, "daftari linasemaje?"

Hakuwa na nia mbaya. Ndilo lililoniumiza: hakuwa na nia yoyote. Niliiokota randa yangu na kujifanya ninaitafutia kisu.

Tayari ilikuwa inajulikana kwamba Mzee anatafuta msimamizi wa karakana, kwa vile magoti yake hayakumruhusu tena kuja nyuma mara kwa mara. Alikuwa amesema atamtaja mwisho wa mwaka. Kabla ya kaunta buku, hata paka wa dukani alijua ni nani.

Alasiri ile, Mzee akiwa hajarudi msikitini, Marietha alinijia na kikombe cha chai mkono mmoja na kalamu mkono wa pili.

"Kaka, Kawe bado sina. Tunaacha ngapi?"

"Kawe?" Nikanywa chai yake. "Njiti moja."

"Hata upande wa baharini?"

"Baharini ndiyo kabisa. Upepo wa chumvi unakausha, sista. Hujaona samaki wanavyokauka?"

Akanitazama kidogo. Halafu akaandika, pole pole, kwa mwandiko wake wa shule. Nikamaliza chai. Ilikuwa na tangawizi.

Sikuwa nimepanga maafa. Nataka hilo lieleweke, ingawa haliniokoi. Tulikuwa hatuna kazi ya Kawe. Nilitaka tu ndani ya kitabu kile pawe na kona moja inayoninyenyekea, mahali ambapo siku moja watakwama na kuja kuniita. Kila mwenye mali ana ufunguo anaouficha chini ya godoro. Huo ulikuwa wangu.

Mwezi wa tisa mjomba wangu alifariki Newala. Kwetu sie Wamakonde, mjomba si ndugu wa kutuma salamu. Nikaondoka, nikakaa wiki tatu. Siku ya kumi na moja, nikiwa nimekaa na wazee tunamenya mihogo, simu ikapata mtandao, ujumbe wa kundi letu ukaingia mfululizo. Wa kwanza wa Mzee Matar: kazi kubwa, nyumba ya wageni ya Bi Khulud, Kawe, milango kumi na mmoja, na akiridhika kuna jengo la pili lenye milango ishirini na sita. Wa mwisho ulikuwa picha. Milango imepangwa ukutani kama watoto wa komunyo ya kwanza, na Kondo na Marietha wamesimama katikati, wamejaa vumbi la mbao, meno nje. Chini yake Marietha ameandika: "Kesho tunakwenda kufunga. Kaka Albano, tuombee."

Jua lilikuwa la utosi. Nilijua Kawe mwezi wa tisa: kavu, mlango utacheza kwenye njiti moja bila shida, kila mtu atapiga makofi. Na nilijua mwezi wa kumi na moja.

Nikaandika: "Simamisheni. Kawe ni njiti mbili na ukucha." Nikasoma nilichoandika. Nikaiona sura ya Mzee akiuliza kwa nini basi daftari linasema moja. Nikaiona ile picha tena, meno yale.

Nikafuta. Herufi moja moja, kwa kidole chenye utomvu wa mihogo. Nikaandika: "Hongereni sana."

Sasa turudi mvuani.

Vuli mwaka ule haikuwa vuli, mbingu ilitoboka. Bi Khulud alisimama katikati ya duka, baibui linachuruzika, akaeleza bila kupaza sauti, na afadhali angepaza. Mama yake, Bi Thuraya, ana miaka themanini na moja. Aliingia bafuni baada ya alasiri, akafunga mlango. Alipotaka kutoka, mlango ulikuwa umekuwa ukuta. Saa mbili nzima. Majirani walipigana nao kwa mabega, mwisho ndipo likaja shoka. Milango mingine kumi inafunguka kwa teke.

"Nilikwambia Mzee Matar," akasema, "nimekuja kwako kwa sababu watu wanasema milango yako hairudi."

Mzee alikuwa amekaa. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya ule mlango uliopasuliwa, anaupapasa ukingo, na vidole vyake vilikuwa vinajua.

"Nani kapima?"

"Mie, Mzee," alisema Marietha. Hakungoja hata sekunde. "Nilipima mie. Kosa ni langu."

Hapo ndipo ningeweza kuuficha ukweli mara ya tatu. Kila kitu kilikuwa kimejipanga kama nilivyokuwa nikiota kwenye godoro: yeye kwenye tope, mie pembeni, patasi mkononi, mkavu. Mchwa wenyewe walinyamaza wasikilize.

"Lete daftari," akasema Mzee.

Akavaa miwani. Akafungua mwanzo kabisa, kwa maana alikuwa mtu wa kuanza mambo mwanzo. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Mbagala, mninga, mwezi wa nne, njiti moja na nusu. Chanzo, Albano." Akafunua. "Madale, mkongo, njiti moja. Chanzo, Albano." Akafunua. "Kuugonga ubao kwa kifundo, sauti ya ngoma umekauka, sauti ya papai bado. Chanzo, Albano." Akaanza kuruka kurasa. "Chanzo, Albano. Albano. Bawaba ya juu ikae chini kidogo ya kawaida, mlango mzito. Albano. Chanzo, Albano, alivyofundishwa na marehemu Elinaza."

Hata Elinaza alikuwa mle. Nilikuwa nimemtaja siku moja, katika mzaha.

Nilitazama kaunta buku lile kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeamini kwamba mwanamke yule ananichota, ndoo baada ya ndoo, mpaka siku nitakapobaki kisima kikavu. Kumbe kwenye kila ndoo alikuwa ameandika jina la kisima.

Mzee alifika ukurasa wa Kawe. Akausoma kimya. Akavua miwani.

"Kitabu chote hiki ni wewe, Albano," akasema taratibu. "Na hili nalo?"

Marietha alikuwa anatazama sakafu. Nikafahamu kwamba alishajua, pengine tangu siku ya chai, pengine tangu saa moja iliyopita, na kwamba hatasema.

"Na hilo pia ni langu, Mzee," nikasema. "Sikukosea. Nilimdanganya."

Kondo alisema, "Aah, braza," basi. Nimewahi kupigwa Dar hii, nimewahi kulala njaa, nimewahi kufukuzwa na mwenye nyumba na masufuria yangu kichwani, lakini "aah braza" ile bado ninayo.

Mzee Matar hakunifukuza. Nadhani ningependelea. Aliniambia tu, "Chukua randa. Milango ya mama wa watu inakungoja," akamgeukia Bi Khulud na kumwomba radhi kwa maneno ya wazee wao, nami nikatoka mvuani.

Tulikwenda Kawe watatu. Kondo aling'oa bawaba, mie nikapiga randa, Marietha akapima. Siku mbili, milango kumi, maranda mabichi yananata vidoleni kama ngozi ya kujichubua. Bi Thuraya aliwekewa kiti kwenye korido, na fimbo yake, akanitazama asubuhi nzima.

"Shikamoo Bibi," nikamwambia mwisho, maana macho yake yalinizidi.

"Marahaba. Wewe ndiye ulonifungia?"

"Ndiye mie, Bibi."

"Saa mbili, mwanangu." Akainua vidole viwili vyembamba. "Na unajua shida haikuwa kufungiwa. Mimi nikifungiwa mahali husoma dua zangu, moyo hutua. Lakini bafuni, na choo kimo mle mle! Nitamtaje Mungu chooni? Nimekaa na maneno yote mdomoni, siwezi kulitoa hata moja." Akatikisa kichwa. "Hujui mzigo wake, neno la kheri umelishika na hulisemi."

Nikainamia randa. Bibi huyu hakuwahi kufika Newala.

Jioni ya pili tulipomaliza, Marietha alifungua kaunta buku juu ya mlango uliolala, akapitisha mstari mmoja juu ya ile njiti moja, mwembamba, ili kosa liendelee kusomeka. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Kawe, upande wa baharini?"

"Njiti mbili na ukucha."

"Ukucha wa nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza sisi kucheka tangu mvua ianze. Akaubana ukucha wangu wa gumba kwenye kifaa chake, akasoma, akaandika. Kisha akanisukumia kalamu. "Chanzo andika mwenyewe." Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mkubwa, ulipanda mistari miwili, kama mtu asiyezoea kukaa kwenye kiti cha watu.

Jengo la pili Bi Khulud alimpa fundi mwingine. Mwisho wa mwaka Mzee Matar alimtaja Marietha, na hakuna aliyeuliza kwa nini, hata paka. Leo karakana ina mafundi tisa, na kila mgeni akifika ukurasa wa Kawe anauliza ule mstari ni wa nini. Marietha anamwambia, "Muulize Albano," naye anakuja, nami namhadithia, yote, mpaka mihogo.

Wivu haujaisha, usinisifie. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa. Nimejifunza tu kuuachia nafasi, usije ukamfungia mtu.

Juzi alikuja mteja, nyumba yake iko mahali ambapo hatujawahi kufunga mlango, karibu na mikoko, chumvi chini na maji juu. Nilikuwa nimeinama kwenye benchi. Nikamsikia Mzee Matar, sauti imekuwa nyembamba siku hizi, akiita kutoka dukani:

"Marietha! Daftari linasemaje?"

Kurasa zikafunuliwa. Zikasimama. Nikaendelea kupiga randa.

"Halijasema kitu, Mzee," akajibu. "Linasema tumuulize Albano."

Nikaiweka randa chini, nikajifuta mikono.